Jirani Niliyemtoa Katika Ushuhuda

Likoni, Ijumaa jioni

Tsuma mwanangu,

Usishtuke kuona nimekuita Tsuma. Najua vyeti vyako vyote vimeandikwa Samueli, na mimi ndiye niliyekukataza kuitikia jina la babu yako ulipoanza kupanda madhabahuni. Nikasema Tsuma ni jina la kishamba, halimfai mtumishi wa Mungu. Lo, mimi binti wa Rabai, niliyelelewa na huyo babu! Leo nimelirudisha. Kuna mtu mmoja tu ambaye hakuacha kukuita hivyo, na barua hii ni ya habari zake, ingawa utaona nimejaa mimi kila mahali humu ndani. Ndivyo nilivyo, nikiingia mahali sibakishi nafasi.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala baridi ya bara, wala kuchunga mkoba wako kwenye basi. Hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka ukaniambia, "Naam, mama, nimesikia, naam." Nilikuimbia makusudi. Mtu akiogopa kusema jambo moja husema mengine chungu nzima.

Sasa hivi uko uani unapiga pasi suti uliyonunuliwa na kanisa. Nakusikia unaimba. Spika zimeshaletwa, zimefungwa pale mlangoni, moja imeelekezwa barabarani na nyingine kwa majirani, na kesho asubuhi mchungaji na kwaya watakuja kukuombea kabla hujavuka feri. Nitapewa maiki nianze mimi, kwa sababu ndiyo desturi, ushuhuda huanza na Mama Muujiza. Nawe utakunja suruali uonyeshe lile kovu la mguuni, watu wapige vigelegele, kisha uende chuo cha wachungaji ukasomee kazi ya kusema kweli.

Mwanangu, ushuhuda ule si kweli. Mungu anisaidie, nimeshaandika.

Acha nikueleze ilivyokuwa, na ukiona nimeanza kupamba, ruka mstari. Hii ni karatasi ya pili. Ya kwanza niliichana kwa sababu ilikuwa nzuri mno, niliisoma tena nikajikuta nalia kwa kujihurumia, na nikapenda nilivyolia. Unaona ugonjwa huo?

Tulikuwa tunapanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, huku huku Likoni, upande wa chini. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akitoka alfajiri kwenda kutafuta kibarua bandarini, siku nyingine anapata, siku nyingine anarudi na viatu vyake mkononi. Mlango wa pili ukumbini alikaa Bi Mwanaisha, Mdigo, mjane, na binti yake Saumu. Aliuza mahamri na mbaazi barazani kila asubuhi. Wewe ulikuwa mtoto wa kunyoosha mikono ubebwe, na mikono yenyewe ulimnyooshea yeye kuliko mimi. Alikupenda. Hamri la kwanza kutoka kwenye mafuta lilikuwa lako, na alilipuliza mwenyewe lipoe.

Mimi wakati huo nilikuwa mpya kanisani. Kwetu Rabai tulisali kimyakimya, babu yako akifunga macho hata hujui kama anaomba ama amelala, nami niliona dini ile imepoa. Nilipoingia kanisa la huku, la mahema na ngoma, nikasema hapa ndipo palipo na moto. Nilifagia, nilipanga viti, nilifua vitambaa vya madhabahu. Nilisema nafanya kwa ajili ya Bwana. Lakini nilijua kila mwanamke aliyekaa viti vya mbele, nilijua ana vitenge vingapi, na nilijua ni yupi anayeletewa soda yenye tishu juu ya glasi wakati sisi wengine tunakunywa maji ya ndoo. Niliitaka ile glasi, Tsuma. Unaweza kucheka. Mtu anapoteza roho yake kwa ajili ya tishu!

Basi siku moja ikatangazwa kuwa kina mama watafunga na kuomba, na mimi ndiye nitakayeongoza. Mara ya kwanza. Nilishona gauni kwa mkono, wiki nzima.

Siku yenyewe uliamka una joto kali, huli, huchezi. Bi Mwanaisha akaingia akakugusa shavu, akanitazama.

"Mama Tsuma, mtoto huyu si wa kuachwa. Mtazame macho yalivyolegea."

"Naenda kumwombea, Bi Mwanaisha."

"Muombee njiani. Tuvuke twende hospitali, mimi ntakushikia."

"Siwezi. Zamu yangu ni leo."

Akanyoosha mikono, akasema, "Haya. Nipe mtoto." Nikakuweka mikononi mwake, nikavaa gauni langu.

Hayo maneno matatu ya mwisho yanaandikika kwa urahisi, sivyo? Nikavaa gauni langu. Nilijitazama kwenye kioo pia, mbele na nyuma. Ulikuwa unalia, nami nilikuwa naangalia pindo.

Kanisani niliongoza kwa nguvu zangu zote. Nilikutaja kwa jina, nikasema mwanangu yuko kitandani anaungua, na kina mama wote wakasimama. Wakapaza sauti. Mzee mmoja wa kanisa akasema amesikia rohoni kwamba mtoto amepona. Nilianguka chini kwa furaha. Na wakati huo huo, nilijua baadaye, wewe ulikuwa umepatwa na degedege mapajani mwa Bi Mwanaisha, macho yamegeuka meupe, na majirani wanamwambia asikuguse, hiyo ni kazi ya majini, aitwe fundi wa kuyapunga. Yeye hakumwita fundi. Alikufunga mgongoni kwa leso, akaacha mbaazi zake motoni zikaungua na sufuria, akakimbia mpaka feri. Saumu alimfuata nyuma, kiatu kimoja mguuni. Walipofika ng'ambo akamsimamisha mtu asiyemjua, mwenye gari, akamwambia ama utupeleke hospitali ama mtoto huyu afe mbele ya macho yako.

Nilirudi nikakuta mlango umefungwa na uani kumejaa harufu ya mbaazi zilizoungua. Nilipokupata hospitalini ilikuwa kesho yake, kwa sababu nilimsubiri baba yako kwanza, na kwa sababu, sikufichi, nilikuwa nimeshaambiwa umepona na sikutaka kuonekana sina imani. Nilikukuta una mpira wa maji mguuni. Mikononi mshipa ulikuwa haupatikani, daktari akakata kidogo hapo juu ya kifundo. Ulikuwa unapiga mateke kila ukizinduka, kwa hiyo Bi Mwanaisha alikuwa ameushika ule mguu. Aliushika tangu jana yake. Alipotaka kuuachia ili anipishe, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, havikukunjuka. Daktari akaniambia, "Mshukuru mama huyu. Mngechelewa kidogo, tungesema mengine."

Hilo ndilo kovu lako.

Jumapili iliyofuata nilishuhudia, na nataka ujue kwamba mara ya kwanza nilisema sawa. Nilisema mtoto aliumwa, tukaomba, na jirani yangu Mwislamu akamkimbiza hospitali, na sasa ni mzima. Watu wakapiga makofi ya kawaida. Ibada ilipokwisha yule mzee wa kanisa akanivuta pembeni, kwa upole kabisa, akasema, "Dada, ushuhuda ni mzuri. Ila utukufu ni wa Mungu peke yake. Usiugawe."

Ah, Tsuma, neno lile liliniingia tamu! Kama angeniambia sema uongo ningekataa, haki ya Mungu ningekataa. Lakini aliniambia nimpe Mungu. Kwa hiyo nikamtoa Bi Mwanaisha, nikaona nimefanya jambo takatifu. Na alipotoka yeye, ile safari ya feri ikatoka, daktari akatoka, na ikabaki shimo. Watu wanauliza, sasa ikawaje? Ikabidi nilijaze.

Siku moja mtu akauliza, hilo degedege lilitoka wapi? Nami nikasema, "Siku hiyo uani kulikuwa na moshi wa udi." Basi. Sikusema zaidi. Tena ilikuwa kweli, Bi Mwanaisha alifukiza chetezo chake kila asubuhi, chumba kinukie, na sisi sote uani tukafaidi. Lakini kanisa zima likaguna, "Yesu!" Ile sauti, mwanangu. Ilitoka chini ikapanda kwenye miguu yangu. Mimi mwanamke wa chumba kimoja, mke wa kibarua, watu mia wamesimama kwa neno langu moja. Nimeonja vitu vichache vitamu duniani, na hakuna kilichoishinda. Ningeweza kusema hapo hapo, "Hapana, msinielewe vibaya." Nilimeza mate, nikangoja wagune tena.

Baada ya hapo nilijifunza. Nilijua wapi nishushe sauti, wapi ninyamaze, wapi nikukunjie suruali niseme, "Hapa ndipo jini lilipomshika, na hapa ndipo Bwana alipomvuta." Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Niliitwa Changamwe, niliitwa Kisauni, niliwahi kuletewa gari. Nikapata kiti cha mbele, nikapata na glasi. Soda ilikuwa ya moto.

Spika za kanisa zilikuwa juu ya nguzo, zimeelekezwa mtaani. Hilo sikulifikiria, ama nililifikiria nikalisukuma. Bi Mwanaisha alinisikia kila Jumapili, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mwanzo alitabasamu akidhani ni ushuhuda wa mtu mwingine. Waumini wakaacha kununua mahamri yake. Kisha watoto wakaanza kukimbia wakimwona. Kisha mawe juu ya mabati. Kulikuwa na watu waliokuja kumposa Saumu, watu wazuri, wakarudi wakasema wamesikia habari za nyumba ile. Hata waumini wenzake wa msikitini wakaanza kumtazama kwa pembeni, kwa sababu uongo ukipaziwa sauti hauulizi dini.

Baba yako aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunakula. Akasema, "Mama Tsuma, yule mama aliyemwokoa mtoto wetu umemtia wapi kwenye hadithi yako?" Nikamjibu kwamba hana macho ya rohoni. Akaendelea kula. Hakukanyaga tena kanisani mpaka alipobebwa, na wewe ulikuwa ukiniuliza kwa nini baba hataki kuokoka, nami nikakuambia tumwombee. Nilikufanya umwombee baba yako kama mpotevu, na katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa na haya.

Bi Mwanaisha alihama kwa mkokoteni. Nilikuwa ndani, nimeshika pazia. Alipopita mlangoni kwangu alisimama, akasema kwa sauti ya kawaida, "Haya, Mama Tsuma. Tunaondoka. Kwaherini." Ulitaka kutoka umkimbilie, nikakuziba mdomo. Kwa kiganja hiki ninachoandikia. Uliniuma. Ulikuwa na haki.

Sasa sikiliza, usidhani nakusimulia dhambi ya zamani niliyokwisha kutubu. Ingekuwa hivyo ningekuambia kwa mdomo, tena ningekuambia vizuri, ningetengeneza ushuhuda mwingine. Mama Muujiza aliyetubu! Wangeniita mpaka Kwale.

Mwaka huu, wiki ya Pasaka, mlifanya mkutano wa hadhara Mtongwe. Ulihubiri wewe. Nilikuwa nyuma ya jukwaa, ukaanza ule ushuhuda, na nikamwona. Bi Mwanaisha, amezeeka, ana mkoba wa mboga mkononi, amesimama kando karibu na kibanda cha mkate. Alikuwa anakutazama jinsi mtu anavyomtazama mwanawe aliyerudi. Alimgusa mwanamke aliyekuwa karibu yake, akakuelekeza kwa kidole, nafikiri alikuwa anamwambia, huyu namjua, huyu nimembeba. Alikuwa anacheka peke yake. Kisha ukafika kwenye udi.

Wewe hukuishia kwenye udi, Tsuma. Mimi sikuwahi kutamka neno "mchawi" maishani mwangu, nilikuwa mjanja, niliwaachia watu. Wewe ulitamka. Ukasema alikuwa mwanamke wa chumba cha pili, akiita majini kwa jina lako. Ulilisema kwa moyo safi kabisa, machozi yanakutoka, kwa sababu ndivyo ulivyolelewa kuamini. Bi Mwanaisha akauvuta ukaya wake usoni, akageuka. Mboga zilianguka, hakuziokota.

Sikulala siku kadhaa. Kisha nikamtafuta, nikampata. Anakaa kwa Saumu, ambaye aliolewa hatimaye, kwa mtu wa mbali asiyesikia habari zetu. Saumu alinifungulia mlango akaondoka bila salamu. Bi Mwanaisha akasema, "Ndoo, ingia ndani. Kaa kitako." Akaniletea chai. Nilipiga magoti, nikaanza kulia, na hata pale, mwanangu, hata pale magotini, kulikuwa na sikio langu moja linasikiliza kilio changu kama kimekolea. Nilitamani kulikata.

Akasema, "Inuka. Nilikusamehe zamani. Nilijua ulikuwa na mtoto mmoja na njaa nyingi."

Nikamuuliza nifanye nini. Akapuliza chai yake.

"Mimi sitaki kitu. Mimi mtu mzima, n'shazoea. Lakini Tsuma hajambo?"

"Hajambo. Anakwenda chuoni, atakuwa mchungaji."

"Mashallah. Basi usimwache aende kwa Mungu wenu na uongo huo mkononi. Mtoto hajui. Siku akijua akiwa mtu mzima, ataanguka vibaya, na hutakuwapo kumshika. Mwambie. Na pale uliposemea ndipo usemee."

Nikaapa. Wallahi nikaapa, kwa kiapo chake, ili aniamini. Akaniuliza unaondoka lini, nikamwambia Jumamosi hii, asubuhi, wanakuombea nyumbani. Hakusema kama atakuja.

Jumapili iliyopita ilikuwa ibada yako ya kuagwa. Nilikwenda nimefunga, sijala wala sijanywa. Nilikuwa nimemwambia mchungaji kwamba nina jambo la kusahihisha katika ushuhuda, akanitazama, akasema, "Mama, si leo. Leo ni siku ya kijana." Sikumlaumu, wala sasa simlaumu, maiki ilikuja mkononi mwangu na hakuna aliyenifunga mdomo. Nilisimama. Nikakuona wewe mstari wa mbele na tai yako. Nikaona viti, nikaona wale kina mama wapya nyuma wanavyonitazama, jinsi nilivyokuwa nikitazama mimi. Nikafungua mdomo, nikasema, "Mungu ni mwema."

Wakaitikia, "Wakati wote!"

Na nikaendelea. Yote, Tsuma. Moshi, uani, jini, mguu. Ulimi ulikwenda wenyewe kwa njia iliyozoea. Nilipofika pale pa kushusha sauti nikaishusha. Waliguna. Na ilikuwa tamu, hilo ndilo linalonimaliza, ilikuwa bado tamu. 

Nimeomba jambo hili liniondoke. Nimefunga, nimekesha, nimepiga magoti mpaka yameota sugu, na sugu zenyewe nimewahi kuwaonyesha watu. Kila nikishuka chini nakuta kiburi kimeshatangulia, kimenitandikia mkeka. Watu wa kanisa wanasema tamaa ya dunia ni pombe na wanaume na mali. Laiti! Mlevi akilewa majirani wanamwona, mkewe analia, mwisho anashikwa mkono. Mimi nilileweshwa madhabahuni, nikapigiwa vigelegele. Sijui kama bado ninampenda Mungu au nampenda Mama Muujiza anayezungumza na Mungu. Nimetafuta mahali ambapo mmoja anaishia na mwingine anaanza, sipaoni. Na sina hakika tena kwamba nitapaona kabla sijafa. Usiniandikie kunifariji kuhusu hilo.

Nakujua pia wewe. Nimekuona ukitazama kioo kabla ya ibada, ukijaribu lile tabasamu. Nimekuona ukirudia mstari ambao watu waliupenda. Nilimwona mwanangu, na nikaona gauni langu. Sikulaumu, kitu hicho ulikinyonya kwangu. Nakuambia tu kwamba kinaanza mapema, kinaanza kwa jambo dogo la kweli linalosemwa nusu, na kwamba siku watakapokuambia usigawe utukufu, uulize ni nani anayetolewa nje ili wewe ubaki peke yako pale mbele. Mimi sikuuliza.

Utasema, basi sikuponywa na Mungu? Sijui, mwanangu. Wewe ndiwe unayekwenda kusoma. Mimi najua kwamba mtu fulani aliushika mguu wako mpaka vidole vikafa ganzi, na kama Mungu hakuwa pale, sidhani kwamba alikuwa kwetu tulikokuwa tukipiga kelele. Babu yako wa Rabai angelijua hilo bila kuambiwa.

Huenda ukiisha kusoma hutataka kwenda chuoni tena. Huenda utakwenda na hutaniandikia. Nimeyafikiria yote mawili nikiwa nakusikiliza unavyoimba hapo nje, na nilikaribia kuichana hii pia. Wewe ndiye kitu pekee nilicho nacho duniani, na barua hii inaweza kukuchukua. Lakini ukiondoka na ule uongo nitakuwa nimekwisha kukupoteza, ila tu tutakuwa tunapigiana simu.

Nitaiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto, cha mguu wa kovu, uikute alfajiri kabla hawajaja.

Kesho ni zamu yangu tena. Nimekusudia kusema. Nimekusudia kweli, kama nilivyokusudia Jumapili, na kwa hiyo usinitegemee. Mimi najijua. Huenda Bi Mwanaisha akaja. Akija hataingia, atasimama ng'ambo ya barabara, penye duka la makaa, na spika ile imeelekezwa huko huko. Mtafute kwa macho.

Ukisikia nimesema, "Siku hiyo uani kulikuwa na moshi," usingoje nimalize. Usinionee haya, usiogope mchungaji wala watu. Nyoosha mkono uninyang'anye ile maiki, hata kama nalia. Hasa nikilia.

Ni mimi,
Mama Tsuma